Ndoano kando ya Ziwa Kivu: namna ya kupata tilapia bila kumaliza mbegu

Siku ya yenga asubuhi, mbele ya jua kupanda vizuri, vijana na watoto wameisha kukaa juu ya mawe kando ya ziwa: wengine Nguba, wengine upande wa Muhumba, wengine Bagira. Kila mmoja na fimbo yake ya mwanzi, kikopo cha minyoo pembeni, macho ku maji. Saa mbili zikipita, mmoja anaondoka na tilapia watano aliowafunga kwa kamba ya mgomba. Jirani yake, aliyekaa mita kumi tu kutoka pale, anarudi nyumbani mikono mitupu.

Watu wanasema ni bahati. Wengine wanasema yule aliyepata ana dawa. Bahati iko, hakuna anayekataa, lakini samaki wa kando ya ziwa ana desturi zake: fasi anapolala, saa anapokula, namna anavyoonja chakula mbele ya kukimeza. Mwenye kujua desturi hizo anapata mboga ya nyumba kwa fimbo, uzi na ndoano, vitu vya bei ndogo sana. Na desturi hizo hizo ndizo zinaeleza kwa nini wavu wa mustikere, chandarua kile cha kuzuia mbu, unamaliza samaki kuliko ndoano, hata kama wote wawili wanavua fasi moja.

Ziwa refu, mwambao mwembamba

Kwanza tuelewe ziwa lenyewe. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na fasi yake ya kina zaidi inafika mita 485. Mlima unashuka na kuingia moja kwa moja ndani ya maji. Mtu anayeogelea anajua: hatua tatu maji yako kwenye magoti, hatua ya nne hakuna chini.

Lakini kina hicho chote si nyumba ya samaki. Oksijeni, yaani hewa ile samaki anapumua, inafika tu mpaka mita 60 hivi kutoka juu. Chini ya hapo maji yamejaa gazi, metani na gazi kaboniki, na hakuna samaki anayeweza kuishi. Kwa hiyo samaki wote wa Kivu wanaishi kwenye blanketi jembamba la juu.

Katikati ya ziwa, blanketi hilo ni la sambaza. Wengi wa vijana wa leo hawajui kwamba sambaza ni mgeni. Alitolewa Ziwa Tanganyika, akaletwa Kivu na Wabelgiji kati ya 1958 na 1960, juu katikati ya ziwa hapakuwa samaki wa kula wadudu wadogo sana wanaoelea ndani ya maji. Usiku, wadudu hao wanapanda juu na sambaza anawafuata, ndiyo maana wavuvi wa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja wanatoka na mataa jioni na kurudi asubuhi. Mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika, kwani taa haivuti tena samaki. Hiyo ni kazi ya ekipi nzima, yenye mitumbwi, nyavu na deni la kulipa. Si kazi ya mtu mwenye fimbo moja.

Fimbo ni ya mwambao. Hapo ndipo mwanga wa jua unafika chini, majani yanamea, mchanga unakaa, samaki anaweza kuchimba kiota. Hapo anaishi tilapia. Hapo pia wanaishi wale samaki wadogo wa rangi rangi ambao wenye elimu wanawaita haplokromi. Ziwa Kivu lina aina 15 za haplokromi ambazo hazipatikani fasi ingine yoyote duniani. Kambale naye anazunguka kwenye matope na matete. Tangu 2006 kunaonekana mgeni mwingine kutoka Tanganyika, samaki mwembamba mwenye madoa ya buluu, anayetaga mayai ndani ya nyufa za mawe. Ukiwahesabu wote, Ziwa Kivu halifikishi aina 30 za samaki, na Tanganyika wako nazo mamia.

Sasa, kwa kuwa mlima unashuka kwa ghafla, ukanda huo wa mwambao ni mwembamba sana. Fasi zingine ni hatua chache tu. Unapanuka kidogo kwenye vighuba: kando ya Bukavu, Ishungu, Birava, upande wa Katana, Kalehe, na kando ya kisiwa cha Idjwi. Ndani ya ukanda huo mdogo samaki wanakula, wanazaa na kulea. Na ndani ya ukanda huo huo watu wanafua nguo, mitumbwi inapandisha na kushusha mizigo, takataka za mji zinamwagika. Kila mita yake ina kazi.

Fasi ya kukaa

Mvuvi wa fimbo asiye na uzoefu anatafuta maji ya mbali. Anatupa uzi kwa nguvu zake zote, akidhani samaki wakubwa wako kule kwenye buluu. Kumbe amewarukia. Tilapia wengi wako kati ya nusu mita na mita tatu au ine za kina, wakati mwingine chini ya miguu yake mwenyewe.

Fasi nzuri ni mpakani: fasi matete yanapoisha na maji wazi yanapoanza, fasi mawe yanapokutana na mchanga, kivuli cha mti ulioinamia maji, chini ya nguzo za kituo cha mitumbwi. Samaki anapenda kuwa karibu na maficho, juu ya ndege. Yule ndege mweusi na mweupe anayetua juu ya nguzo na kupiga mbizi kama jiwe, ukimwona anarudia fasi moja, ujue chini kuko samaki wadogo, na wakubwa hawako mbali.

Maji yakiwa safi na jua likiwa nyuma yako, tazama chini mbele ya kutupa uzi. Kwenye mchanga au udongo laini utaona alama za mviringo kama sahani zilizochimbwa, zimesafishwa majani na takataka. Hivyo ni viota. Tilapia dume anachimba kwa mdomo, halafu anakaa pale kulinda. Tutarudi kwa viota hivyo.

Kivuli cha mvuvi kinafukuza samaki kuliko sauti yake. Mtu akisimama wima kwenye jiwe akiwa na shati jeupe, jua nyuma yake, kivuli kinaanguka juu ya maji na samaki wote wanaondoka kwa dakika kumi. Afazali kukaa chini, au kusimama nyuma ya matete. Hatua nzito juu ya ubao wa kituo cha mitumbwi samaki anazisikia pia. Ndiyo maana mzee anayevua peke yake, ametulia kama mtu anayesali, mara nyingi anawashinda vijana sita wanaocheka pamoja.

Kuhusu midomo ya mito: ni kweli samaki wanakuja pale mto unapoingia ziwani, juu maji yanaleta chakula. Lakini mto Kawa unapita katikati ya kartie zenye watu wengi na unabeba kila kitu, kuanzia plastiki mpaka maji ya vyoo. Samaki wa pale anakula hayo. Kuwa na njaa kunaeleweka, ila mtu akiweza kutembea nusu saa zaidi na kupata maji safi, atembee.

Vyombo

Fimbo ya mwanzi ya mita tatu au ine inatosha. Ikauke kivulini, si juani, isipasuke. Uzi ni nailoni nyembamba, na hapa wengi wanakosea: wananunua uzi nene wakiogopa utakatika. Tilapia ana macho mazuri, na maji ya Kivu siku nyingi yako mwangavu. Uzi nene anauona, anakuja, anazunguka chambo, anaondoka. Uzi wa milimita 0.20 hivi unaweza kubeba tilapia yeyote atakayepatikana kando, kama mvuvi hamvuti kwa hasira.

Ndoano nayo iwe ndogo. Mdomo wa tilapia si mkubwa hata kama mwili wake ni mkubwa. Ku soko la Kadutu na kwa wauzaji wengine ndoano zinauzwa kwa namba, na namba zinachanganya watu: namba ikipanda, ndoano inakuwa ndogo. Kati ya 8 na 12 ni sawa kwa tilapia. Chini ya hapo unapata kambale tu, na juu ya hapo unajaza ndoo haplokromi wasiofika urefu wa kidole. Ncha ya ndoano ijaribiwe ku ukucha: ikiteleza, inoe juu ya jiwe laini.

Boya ni kitu chepesi. Wengi wanakata kipande cha kambambili iliyochakaa, wengine wanatumia kipande cha tete au kizibo. Kosa ni kulifanya kubwa. Boya kubwa ni zito kuzamishwa. Samaki akivuta anasikia kuna kitu kinamrudisha, anatema. Boya liwe kadiri ya nusu ya kidole, na uzito kidogo chini yake, risasi ya wavuvi au kijichuma, ili lisimame na kuonyesha ncha tu juu ya maji. Hapo hata samaki akigusa kwa mdomo, boya linasema.

Kisha pima kina. Hii ni hatua ambayo watoto wa Nguba wanaijua na wageni hawaijui. Funga kijiwe ku ndoano, shusha mpaka kifike chini, sogeza boya mpaka likae juu ya maji sawasawa. Toa kijiwe, halafu rudisha boya kwa upana wa kiganja, ili chambo kielee juu kidogo ya chini. Tilapia wa mwambao anakula karibu na chini, au kati ya majani. Chambo kikilala ndani ya matope hakioni. Kikiwa mita mbili juu ya kichwa chake hapandi.

Chambo, na namna anavyokula

Tilapia kwa asili anakula majani madogo ya maji, ule utelezi wa kijani juu ya mawe, na vitu vilivyooza. Hamezi samaki wenzake kama sangara wa Victoria. Kwa hiyo chambo kikubwa cha nyama hakina faida kwake.

Mnyoo wa udongo ndio chambo kinachofanya kazi siku nyingi. Uchimbwe penye mbolea, chini ya migomba au karibu na jalala la majani, si penye udongo mwekundu mkavu. Usitumie mnyoo mzima. Kata kipande kinachofunika ndoano na kuacha mkia mfupi ukichezacheza. Mkia ukiwa mrefu, haplokromi wanaukula kutoka nyuma, na wewe unabaki unainua ndoano tupu mara ishirini.

Bugali ni chambo cha pili. Uwe mgumu, umepondwa vizuri kwa vidole mpaka unanata, ukubwa wa punje ya maharagwe. Wengine wanachanganya unga wa mihogo kidogo ili usiyeyuke haraka. Wakati wa mvua kumbikumbi wanapotoka, hao ni karamu: samaki wanapanda juu kuwafuata, na siku hiyo boya liinuliwe, uzi uwe mfupi.

Jambo moja linaloleta tofauti kati ya mwenye samaki watano na mwenye mikono mitupu ni kulisha fasi. Kabla ya kuanza, tupa mapunje machache ya bugali au makapi yaliyolowa, yasizidi kiganja kimoja, na rudia kila baada ya muda. Ukimwaga sahani nzima, samaki wanashiba na kuacha ndoano yako. Ukitupa kidogo, wanabaki wanatafuta. Na ukae hapo hapo. Mtu anayehama kila dakika kumi anawaachia wengine samaki aliowakusanya yeye.

Tilapia hamezi kwa mara moja. Anavuta ndani ya mdomo, anatema, anavuta tena. Boya linatikisika, linatulia, linatikisika. Mgeni anavuta kwenye mtikisiko wa kwanza na kukosa. Subiri boya liende: lizame taratibu, au litembee kwa upande kama mtu anayeondoka kwa siri. Hapo inua fimbo kwa mkono, si kwa mwili wote. Samaki akishika, mweke mbali na matete na mawe, mwache achoke kidogo, kisha mlete. Mkubwa usimnyanyue hewani kwa uzi, mdomo wake utapasuka na ataanguka. Mvute mpaka ku kikapu au wavu mdogo wa mkono.

Saa na majira

Asubuhi jua linapotoka, na jioni mbele ya giza, ndizo saa nzuri. Katikati ya mchana samaki wakubwa wanashuka kwenye maji marefu zaidi au wanajificha kivulini. Mvua ndogo haisumbui, wakati mwingine inasaidia. Mvua kubwa inayoleta matope mekundu kutoka milimani inaharibu siku mbili tatu, na kwa milima yetu iliyokatwa miti matope hayo yanazidi mwaka kwa mwaka.

Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, upepo wa kusini-mashariki unachanganya maji ya juu na yale yaliyo chini kidogo, na kuleta mbolea juu. Chakula kinaongezeka ziwani. Lakini upepo huo huo unaleta mawimbi, na kuvua kutoka jiwe lenye mawimbi ni kazi ngumu. Tafuta kighuba kilichojikinga.

Mama asiyekula

Sasa turudi kwa viota. Dume akimaliza kuchimba, jike anakuja, anataga mayai, na dakika hiyo hiyo anayakusanya mayai ndani ya mdomo wake. Hayakai kwenye kiota. Yanakaa mdomoni, mamia ya mayai, mpaka yanapasuka. Hata watoto wakiisha kuogelea, kwa siku kadhaa wanazunguka karibu na mama, na hatari ikija wanarudi mbio ndani ya mdomo. Kwa jumla inaweza kuchukua wiki mbili hivi. Haplokromi wa Kivu pia wanalea mdomoni.

Mdomo uliojaa watoto hauli. Mama huyo kwa kawaida hagusi mnyoo wako wala bugali yako. Anaweza kupita mbele ya ndoano ishirini na asishike hata moja. Kwa hiyo ndoano, bila mtu yeyote kupanga, inamwacha mama anayelea. Anayeshika ndoano ni dume, au jike asiye na watoto, au kijana anayekua.

Wavu wa mustikere hauna macho hayo. Watu wawili wanaingia ndani ya maji mpaka kifuani, wanaukokota kuelekea nchi kavu, na ndani yake kuna kila kitu: mama mwenye mdomo uliojaa, mayai anayoyatema kwa hofu, watoto wa ukubwa wa punje ya mchele, haplokromi, na mara nyingi watoto wa sambaza. Ndiyo, sambaza pia. Mkubwa wao anaishi katikati ya ziwa, lakini anakuja kuzaa karibu na mwambao, na watoto wake wanakulia kando kabla ya kwenda kwenye maji makubwa. Bakuli moja la vitoto hivyo, vikikaangwa, linashibisha nyumba moja mara moja. Kisha ekipi za usiku zinarudi na ndoo nusu, na kila mtu anatafuta mchawi.

Lazima kusema pia upande wa pili, juu hawa wanaokokota mustikere si wanyama. Wengi ni watu waliokimbia vijiji vyao, au akina mama wasio na mtaji, na chandarua walikipewa bure. Wakifukuzwa leo Birava, kesho watakuwa Ishungu. Watu wa huduma ya uvuvi wakija kuchoma nyavu, moshi unaonekana siku moja. Mwenye chandarua akijua kupima kina, kukata mnyoo na kusubiri boya, ana njia ya kupata tilapia mmoja mwenye nyama badala ya bakuli la macho. Haitatatua njaa ya Kivu, lakini ni kitu anachoweza kuanza kesho asubuhi kwa uzi wa mita tano.

Kuna ubaya mwingine, utupa, yale majani yanayopondwa na kumwagwa majini ili samaki walewe na kuelea. Hayachagui mkubwa wala mdogo. Ndani ya kighuba kidogo yanaacha fasi tupu. Hapo hakuna la kujadili.

Na hata mwenye ndoano ana deni lake. Dume anayelinda kiota anashika kwa urahisi, kwani anafukuza chochote kinachoingia kwenye sahani yake, hata ndoano tupu. Ukikaa juu ya viota unaweza kuwamaliza madume kumi kwa asubuhi moja na kujiona bingwa. Ukiona viota vingi pamoja, sogea mbali. Samaki mfupi kuliko mkono wako, kutoka kifundo mpaka ncha ya vidole, arudishwe. Lowesha mkono mbele ya kumshika, usimbane tumbo, usitie vidole ndani ya mashavu. Ndoano ikiwa imeingia ndani sana, kata uzi karibu na mdomo na umwache aende, wengine wanapona. Na ukimvuta jike akatema mayai au watoto, mrudishe upesi kwenye maji yale yale. Wengine atawakusanya.

Maji hayana mpaka unaoonekana

Mwenye kuvua kutoka mtumbwi ana hatari ambazo mtu wa jiwe hana. Ghuba ya Bukavu tunaigawana na Rwanda, na mpaka haujaandikwa juu ya maji. Mtumbwi ukisukumwa na upepo, mtu anajikuta upande wa pili bila karatasi, na kueleza kwamba ulikuwa unafuata tilapia kunaweza kuchukua siku nyingi. Kaa karibu na mwambao wako.

Usikaribie fasi Ruzizi inapotokea ziwani. Maji yanaonekana matulivu, lakini yanaenda, na mbele kuna bwawa la Mururu. Plastiki zote za mji zinazokusanyika pale, zile zinazosumbua mitambo ya umeme, zimebebwa na maji hayo hayo. Kama yanabeba milima ya takataka, yanabeba mtumbwi.

Ziwa letu halina mamba, na kwa sababu hiyo watu wanalidharau. Kinachoua ni kina kinachoanza ghafla na mawe yanayoteleza. Mtoto asiyejua kuogelea asivue peke yake. Jile ya kuokoa ikikosekana, bidoo mbili tupu za lita tano, zimefungwa vizuri kwa kamba, zinaweza kumshikilia mtu juu ya maji mpaka wengine wafike. Asubuhi wengi wanatoka bila kula na wanakunywa maji ya ziwa kwa kiganja. Mkoa huu unajua kolera vizuri sana, beba maji yako.

Uzi uliokatika usiutupe. Nailoni haiozi. Unafunga miguu ya ndege, unakata vidole vya watoto wanaoogelea, na unanasa ndoano ya mvuvi wa kesho. Uviringe ku kijiti, utie mfukoni.

Nyumbani, tilapia wa asubuhi aoshwe kwa maji safi, si yale ya ziwa, magamba yatolewe, tumbo lifunguliwe siku hiyo hiyo. Wa kwanza kupikwa awe yule mwenye ndoano iliyoingia ndani, kwani huyo anaharibika haraka. Na kabla ya kutupa matumbo, angalia ndani: yakiwa na utelezi wa kijani, samaki wa fasi ile wanakula kwenye mawe, na kesho chambo chako kikae karibu na mawe. Yakiwa na mabawa ya wadudu, wanakula juu. Akina mama wanaosafisha samaki Beach Muhanzi wanaona hayo kila siku. Mvuvi mwenye busara anawauliza mbele ya kuchimba minyoo.